Uzi Mwekundu Ulikuwa wa Woga

Mwaka wa 1976, nikiwa na miaka ishirini na miwili, shimo la dhahabu kule Luhwindja lilimumeza bwana yangu, na hapo ndipo taabu yangu ilianza. Hawakumutoa. Wenzake walipiga kelele juu ya shimo, wakasikiliza, wakapiga tena, kisha wakaenda kuchimba pengine. Mimi nilikuwa nyumbani Bagira, hapa Bukavu, mutoto mugongoni, napembua maharagwe. Habari ililetwa na mutu ambaye sikumujua. Nilimupa kiti, akakataa. Alisema kila kitu akiwa amesimama mulangoni, halafu akaenda zake. Tangu siku ile, mutu akija kwangu akakataa kukaa, naweka chini kila kitu nilichoshika.

Wakwe zangu walikuja kulia pamoja nami. Walilia vizuri sana. Walipomaliza kulia, walichukua nyumba.

Vijana, mimi nilisoma miaka minne tu, kwa masista. Nawaambia mapema ili mutu asitafute hapa Kifaransa kizuri. Lakini kazi ambayo ninyi munaifanya leo mbele ya ordinateri, hizo kompyuta zenu, kazi ya kuchukua mazungumzo ya watu na kuyatafutia maana, mimi niliifanya kabla hamujazaliwa, kwa mukasi, gundi ya unga wa muhogo na uzi wa fundi wa kushona. Niliifanya vizuri. Sioni haya kusema hivyo, maana hakuna aliyenifanyia.

Nasikia wengine wenu wanasema ni kazi ya kukaa kwenye kiti. Ya kukaa! Mimi siku kubwa ya kazi yangu niliifanya nimesimama, na jasho linanitiririka mpaka kwenye visigino.

*

Ofisi yetu ilikuwa katika nyumba ya zamani, yenye bustani inayoteremka mpaka ziwani. Nilikuwa napita pale nikiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, beseni kichwani. Mukubwa wa ofisi aliitwa Zihindula, mutu mwembamba, koti lake la abacost limetiwa kiraka kwenye kiwiko. Mbele ya wageni tulimuita Citoyen, yaani Mwananchi, kama serikali ilivyotaka. Tukiwa peke yetu alikuwa Papa Zihindula. Alikuwa amesoma mambo ya jamii mbali, na alijua mengi, lakini hakuwa na tabia ya kukurushia elimu yake usoni.

"Maman, hii sambaza ni ya leo?"

"Ya jana. Lakini iko muzuri."

"Wenzako wote wanasema ya leo."

"Basi nunua kwao, utajua jioni."

Alicheka. Akaniuliza kama nasikia Mashi, lugha ya Bashi.

"Nimezaliwa ndani yake."

"Na kuandika?"

"Naandika polepole. Lakini kile naandika kinasomeka."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Ofisi ilitafuta mutu wa kuwasikiliza akina mama wa vilima vya dhahabu, kwa sababu watoto wa kule walikuwa wanakonda na kuvimba miguu, na hakuna aliyejua sawasawa kwa nini, maana mashamba yao hayakuwa mabaya. Watu wa hesabu walikuwa wamekwisha kupita na mizani yao. Walijua uzito wa kila mutoto, lakini sababu hawakuijua. Papa Zihindula alisema: sababu iko ndani ya midomo ya mama zao, na midomo haipimwi kwa mizani.

Siku ya kwanza nilidhani atanipa karatasi nikopi. Alinikalisha, akaweka mashini ya kaseti juu ya meza, akabonyeza. "Nsimire, niambie maisha yako." Nilisema. Alipoizungusha nyuma na sauti yangu ikatoka mule ndani, niliruka kutoka kwenye kiti. Nilifikiri kuna kitu changu kimechukuliwa na hakitarudi. Vijana, munacheka, lakini sikukosea sana. Sauti ya mutu ikishatoka kwake, haimutii tena. Inaweza kuingia katika nyumba ambayo yeye mwenyewe hawezi kuingia, na kusikilizwa na watu ambao yeye angewakimbia. Kila mara munapobonyeza kile kidude chenu cha kunasa sauti, mukumbuke hilo, na muogope kidogo.

Halafu akanilazimisha kuandika maneno yangu mwenyewe kutoka kwenye kaseti, kuyakata vipande, na kutia alama pembeni ya kila kipande: kinasema juu ya nini? Mimi nikaandika *uchungu*. Kipande cha pili, *uchungu*. Cha tatu, *uchungu*. Kazi ilikwisha haraka sana.

Papa Zihindula akasoma, akavua miwani.

"Nsimire, onyesha mahali ulisema uchungu."

Nikatafuta. Hakuna.

"Ulisema nini?"

"Nilisema nilikuwa napembua maharagwe."

"Basi andika maharagwe. Andika mutu mulangoni. Andika kiti. Uchungu ni wako wewe musomaji, haukusemwa na huyu maman. Uuweke kando kwanza. Utaurudisha ukiisha kuona maharagwe yanatokea mara ngapi katika midomo ya wengine."

Nilikasirika. Huyu maman alikuwa mimi! Lakini alikuwa na haki. Vipande vile vyangu alivibandika ukutani, pembeni ya dirisha, viwe mufano kwa kila mutu mupya. Vilibaki pale. Niliviona kila asubuhi nikitoka kuimba na kucheza nyimbo za chama cha serikali mbele ya bendera, kama kila mufanyakazi alivyolazimishwa, na kila asubuhi niliogopa kuvitazama.

*

Ukuta wenyewe niwaeleze. Hatukuwa na kalamu za rangi, zilikuwa zimekwisha mujini. Kwa hiyo tulitumia uzi. Kila kipande cha maneno kilipata kitundu na uzi wake: kijani kwa chakula, bluu kwa maji, njano kwa ugonjwa, na kadhalika. Vipande vyenye uzi mumoja vinatundikwa pamoja, na hilo tuliliita fungu. Gundi tulipika wenyewe. Mara moja panya waliingia, wakafuata ule unga wa muhogo, wakala fungu zima la *njaa*. Mwenzangu Kitoga akasema, "Basi njaa imekwisha Luhwindja, tuandike ripoti twende nyumbani."

Kitoga alikuwa Murega wa Shabunda, mucheshi, mwenye kichwa kikubwa na maandishi mabaya kama njia ya kuku. Yeye na mimi tulipewa maandishi yale yale, kila mumoja atie alama bila kumuchungulia mwenzake, kisha tunalinganisha. Mahali tulipotofautiana, hapo ndipo kazi ilipoanza. Tulipigana, tena sana.

"Ninyi Bashi," alisema, "mutu akiwaambia habari ya asubuhi, munaandika amefurahi."

"Na ninyi Barega, mutu akikohoa, munaandika ana siri."

Siku moja nilitia alama *raha*. Mama mumoja wa kule alikuwa ameulizwa juu ya maisha, akajibu kila swali: hakuna shida, tuko vizuri, hakuna shida. Kitoga hakuandika neno. Aliweka alama ya kuuliza tu. Nikamucheka: mvivu wewe.

Papa Zihindula akaja. "Nani mwingine alikuwa pale mulipozungumza?"

"Kapita, mutu wa chifu," nikasema. "Alitusindikiza."

"Alikaa wapi?"

Nikafikiri. "Mulangoni."

"Ndani au nje?"

"Katikati. Mugongo kwenye mwimo mumoja, miguu kwenye mwingine."

Alikwenda kwenye sanduku la nyuzi, akachukua mwekundu, akaupitisha katika kile kipande changu cha *raha*. Tangu siku ile uzi mwekundu ulikuwa wa woga. Na mulisikie hili, maana hamutalipata katika vitabu vyenu: hakuna mutu hata mumoja kule aliyewahi kusema "naogopa". Tuliujua woga kwa mahali mutu alipokaa, kwa jibu lililokuja kabla swali halijaisha, kwa mama anayeita mutoto aliye karibu naye kwa sauti ya kumuita aliye mbali. Muandike vitu hivyo pembeni, siku ile ile. Ukingoja kesho, utakumbuka maneno tu, na maneno peke yake yatakudanganya.

Baada ya mwaka ukuta ulikuwa mwekundu zaidi ya rangi nyingine zote.

*

Sababu muijue. Wakati ule kuchimba dhahabu bila ruhusa kulikuwa kesi kubwa. Watu walichimba hata hivyo, maana watoto hawali sheria. Askari walijua. Walingojea kwenye njia, na kila mwanaume aliyetoka mulimani aliwaachia sehemu. Aliyekataa, au aliyejaribu kuwasema, hakurudi nyumbani akiwa muzima. Sisi tuliuliza habari ya chakula cha watoto, lakini ukimufuata mutoto mwenye njaa utafika kwenye sufuria, na ukiifuata sufuria utafika kwenye shimo, na pembeni ya shimo kuna bunduki.

Kule nililala kwa maman mumoja. Sitamutaja. Alinipa kitanda chake, yeye akalala chini na watoto, na nilipokataa alisema, "Lala, wewe. Mugongo wa mujane unauma mara mbili." Kapita hakuwapo. Yule maman alizungumza nami mbele ya moto, taratibu, anamenya mihogo, na mashini inazunguka. Alijua inazunguka. Alisema: "Peleka. Labda kuna mutu atasikia." Alinipa maneno yake kama mutu anavyokupa mutoto umubebee kwenye njia ya utelezi.

Nilipofika Bukavu nilifuta majina yote. Wino mweusi, kila jina, mara mbili, mpaka karatasi ikatoboka. Hiyo ilikuwa amri ya Papa Zihindula, na mimi niliifanya kwa majivuno. Hapakuwa na jina hata moja katika ukuta ule. Nililala vizuri.

Halafu siku moja, saa ya kula, Papa Zihindula alirudi kutoka mujini uso wake umekuwa rangi ya majivu. Kesho asubuhi, alisema, mugeni anakuja. Mutu wa usalama. Anataka kuona ofisi inaandika nini juu ya vilima vya dhahabu.

"Aje," nikasema. "Majina hayapo."

Akaenda ukutani, akachukua kipande chenye uzi mwekundu, akasoma kwa sauti: *Yule mwenye nyumba hii, tangu muti umukate goti, anabebwa na mudogo wake mpaka shimoni.*

"Nsimire. Ni nani huyu?"

Nikamutaja papo hapo. Jina lilinitoka kabla sijafunga mudomo.

Akachukua kingine: *Baba wa mapacha waliozaliwa siku ya mvua ya mawe.* "Na huyu?"

Nikamutaja. Sasa sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Wewe ulikaa kule majuma machache tu," alisema. "Huyu mugeni wa kesho amezaliwa kule."

Vijana, munajua desturi yetu? Mwanamuke wa Bushi hatamki jina la bwana yake, wala la baba mukwe. Ni aibu. Anamuzungukia: mwenye nyumba, baba wa fulani, yule wa goti. Mimi Mushi, nimelelewa hivyo, na sikuona! Nilikuwa nimefuta majina machache, ya majirani na watoto. Wale wanaume wenyewe hawakuwa na majina ya kufuta tangu mwanzo, na kile wake zao walichosema mahali pa jina kilikuwa wazi kuliko jina. Jina moja wanaweza kuwa nalo watu kumi. Goti lile lilikuwa moja.

Kitoga akasema, "Tuchome. Jiko liko pale."

"Tukichoma, atakuta ukuta mutupu na majivu ya moto," Papa Zihindula akasema. "Atauliza tulichoma nini, na atamuuliza kila mutu kule mulimani."

"Basi tubadilishe. Goti tuandike jicho."

"Hapana." Hapo alipandisha sauti, mara ya kwanza tangu nimujue. "Neno la mutu linaweza kunyamaza. Linaweza kufichwa. Lakini hatulibadilishi. Tukianza kubadilisha, hata sisi hatutajua tena nani alituambia nini."

Kwa hiyo tulishusha nyekundu. Zote. Kaseti zilikuwa zimekwisha kutumiwa tena kwa sauti nyingine, na karatasi za kwanza zilichomwa zamani; zilibaki kopi za ukutani tu. Uzi ulikwama, nikawa nakata kwa meno. Tulisogeza bluu na njano ili ukuta usionyeshe mapengo. Na vile vipande tungeviweka wapi? Sanduku watafungua. Bustani, mvua. Mimi nikasema: nyumba yangu mimi ni kikwembe changu, kitenge hiki nilichovaa. Nikavifunga tumboni, safu juu ya safu, nikazungusha kitambaa, nikakaza.

*

Mugeni alikuja asubuhi na Land Rover, na dereva wake alibaki nje akila ndizi. Alikuwa mutu wa adabu. Hao ndio wanaoogopesha. Alitusalimu kila mumoja, akamuuliza Kitoga habari ya Shabunda, akanitazama.

"Citoyenne, kaa, tafadhali."

"Aksanti, Citoyen. Nitasimama."

"Juu ya nini hutaki?"

"Mugongo."

Siwezi kukaa! Nikikunja tumbo hata kidogo, karatasi zinalia kama majani makavu. Na hapo, mbele yake, nikamukumbuka yule mutu aliyesimama mulangoni kwangu Bagira. Nikajua kwa nini alikataa kiti. Alikuwa amebeba kitu.

Mugeni alianza kusoma ukuta kwa kidole, taratibu, kama mutoto wa shule. Aliuliza nyuzi ni za nini, Papa Zihindula akamueleza: bluu maji, njano ugonjwa. Aliokota kipande kidogo cha uzi mwekundu kilichoanguka chini.

"Na hii?"

"Mambo ambayo hatujaelewa bado," Papa Zihindula akajibu.

Akaingia kwenye kijani. Chakula. Hapo sikuogopa, chakula ni chakula. Alisoma habari ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ya maharagwe, ya bei ya chumvi. Kidole kikasimama.

Akasoma kwa sauti: "*Napika sombe mapema, bwana akipita nyuma ya kanisa asikie harufu. Akisikia harufu anajua darajani hakuna askari. Siku wako pale, siwashi moto, na watoto wanalala hivyo hivyo.*"

Mulikwisha kuelewa? Kile kipande, maneno ya yule maman aliyenipa kitanda, nilikitia alama mimi. Niliona sombe, nikaona mapishi, nikaweka uzi wa kijani, nikaendelea. Kipande kimoja kinaweza kubeba alama mbili, hata tatu. Papa Zihindula alikuwa amenifundisha hilo. Kingekuwa na uzi wake mwekundu, kingekuwa tumboni mwangu pamoja na vingine. Na ndani yake mulikuwa na jibu lote tulilotafuta: watoto wale walilala na njaa siku ambazo chakula kilikuwa nyumbani, kwa sababu moto haukuwashwa. Jibu lilikuwa linaning'inia pale, kwenye kidole cha mutu wa usalama.

"Nyuma ya kanisa," alisema. "Napajua pale. Kuna nyumba ngapi? Huyu mwanamuke ni nani?"

Papa Zihindula alifungua mudomo. Sikumungojea. Sijui alitaka kusema nini, na sikumuuliza mpaka alipokufa.

"Ni mimi," nikasema.

Aligeuka. "Wewe?"

"Mimi. Tulikaa kule mbele ya kuja Bagira. Bwana yangu alichimba. Maneno yangu iko kwenye huu ukuta tangu siku ya kwanza, Citoyen. Angalia pale, kwa dirisha."

Alikwenda dirishani. Alisoma vipande vyangu vya mufano, kimoja kimoja: maharagwe, mutu mulangoni, kiti, shimo. Nilisikia moyo wangu ukipiga kwenye karatasi.

"Na huyu bwana yako iko wapi?"

"Iko chini. Hawakumutoa. Kama munamutaka, muchimbe."

Kitoga alikohoa. Nje, dereva alitupa ganda la ndizi.

"Na hao askari wa darajani?" mugeni akauliza, sauti imelainika zaidi. "Unaweza kuwatambua?"

"Citoyen, mimi nilikuwa jikoni. Kutoka jikoni daraja haionekani."

Akakitoa kile kipande ukutani, akakikunja, akakitia mufukoni, akaniambia niende ofisini kwao kila siku ya kwanza ya juma, mpaka nitakapoambiwa basi.

Alipoondoka nilijifungia nyuma, nikafungua kikwembe. Zilikuwa kopi za karboni, na jasho lilikuwa limezishika. Maneno ya akina mama wale yalikuwa yamejichapa kwenye tumbo langu, yamegeuka nyuma mbele, ya bluu. Nilisugua kwa sabuni na jiwe. Yalitoka pole pole.

*

Nilikwenda ofisini kwao. Sitaeleza yote. Walinisimamisha ukutani, walinirudishia swali lile lile kutoka upande huu na upande ule. Kazi yangu ndiyo iliyonisaidia: nilijua mutu anakamatwa mahali maneno yake yanapotofautiana. Kwa hiyo nilijibu kama kaseti. Jikoni. Harufu. Bwana iko chini. Kila mara nikitoka mulangoni pale, nilishika ukuta wa barabara kama mulevi. Sasa niwaulize ninyi: bwana yangu aliyekufa hakunifaa? Alisimama mbele ya bwana wa mwenzangu aliyekuwa muzima, na hakuna bunduki ingemupata.

Siku moja yule mutu alihamishwa, na aliyemufuata hakujua mimi ni nani. Hakuna aliyeniambia basi. Ndiyo sababu mpaka leo gari ikipunguza mwendo mbele ya nyumba yangu, naacha kutafuna.

Ripoti iliandikwa. Papa Zihindula aliandika kwamba katika familia nyingine watoto hawali jioni hata kama chakula kipo, na kwamba ofisi ilijua sababu lakini haitaiandika mpaka iwe salama. Wasomi walimulaumu. Akawaambia kutokusema si kudanganya. Nilibaki katika kazi ile mpaka nywele zikawa nyeupe, na niliwafundisha wengi, na kila mupya nilimukalisha kwanza mbele ya mashini aseme maisha yake.

Yule maman nilimuona miaka mingi baadaye katika soko la Kadutu, ameweka maharagwe mbele yake. Alinikumbatia.

"Wee mujane! Mugongo?"

"Unauma bado. Na mwenye nyumba?"

"Anazeeka tu. Miguu inamuuma, analalamika kutwa, amenichosha!"

Nilicheka mpaka nikalia, akafikiri nimepata wazimu. Sikumuambia kitu. Kumuambia ingekuwa kumutwika woga wangu, na yeye alikuwa na wake wa kutosha. Alinijazia kikapu, akakataa nilipe.

Na wewe unayesoma na kuanza kutafuta kanisa lile, acha. Hapakuwa na kanisa. Wala goti, wala mapacha. Najua mulivyosoma hapo juu, tulisema neno halibadilishwi, na katika ofisi hatukulibadilisha. Lakini hii si ofisi, hii ni mimi nasimulia, na maneno ya kweli ya yule maman nimeyanyamazisha.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Bagira, mabati yameshika kutu upande wa mvua. Nina kiwanja cha maharagwe na migomba nyuma yake. Nina mbuzi wawili, mumoja mukaidi. Nina mutoto wangu yule wa mugongoni, sasa ana mvi. Nina mukasi wangu wa kazi, umefungwa kamba kwenye mupini. Nina mukebe wa nyuzi, mwekundu umebaki kidogo. Nina kiti kizuri karibu na mulango, na yeyote anayekuja na habari namulazimisha akikalie kwanza. Nina jina la mwanamuke mumoja, na hapa hamukulisikia.